Mikuki, panga na ngao za filamu kwa miti, ngozi na vibuyu: dalili, chanzo na tiba kwa hali ya hewa ya Dodoma

Silaha ya maigizo iliyotengenezwa kwa mti, ngozi na kibuyu haiharibiki ovyo. Ina njia zake chache za kuharibika, na huku kanda ya kati nyingi zinaanzia kwenye maji: yaliyobaki ndani ya mti, yaliyotoka upesi upande mmoja, au yaliyorudi mvua za Desemba zilipoanza. Kuanzia Mei hadi Novemba Dodoma haioni mvua ya maana, na upepo wa Agosti na Septemba unakausha kila kitu hadi midomo ya watu. Ukiona dalili yoyote kati ya zilizoandikwa hapa, jiulize kwanza maji yameenda wapi, ndipo ushike gundi.

Vipimo tunavyovitumia ni hivi: mkuki wa mita 1.8 wenye mpini wa kipenyo cha milimita 28. Upanga wenye bapa la sentimita 70 kwa 5, unene milimita 12. Ngao ya ngozi ya ng'ombe, sentimita 90 kwa 45.

Mti umepasuka

Angalia ufa umekaa vipi kabla ya kuuziba, kwa sababu kila umbo la ufa lina chanzo chake.

Nyufa fupi kwenye ncha za mpini, zinazotawanyika kama miali ya jua, maana yake ncha zimekauka kabla ya katikati. Maji hupita upesi sana kwenye mdomo wa mti uliokatwa kuliko ubavuni. Tiba yake hufanywa siku ileile mti unapokatwa: yeyusha nta ya nyuki, chovya kila ncha sentimita 5, kisha laza mti kivulini juu ya vijiti ili upepo upite chini. Gramu 200 za nta zinatosha mipini 10. Nta ya Manyoni na Itigi inapatikana kwa wauza asali. Chagua ya njano isiyo na masizi. Kama nyufa zimeshatokea, kata ncha hadi ufa uishe, kisha kata sentimita 2 zaidi, maana ufa huwa umetangulia mbele kuliko jicho linavyouona.

Ufa mmoja mrefu ulionyooka, unaoingia hadi katikati ya mti, ni habari nyingine. Huo ni mti uliotumiwa mzima na moyo wake ndani. Mti ukikauka hunywea zaidi ukifuata duara la pete zake kuliko ukitoka moyoni kwenda ganda, mara nyingi karibu mara mbili. Duara linafupika, lakini moyo umeshikilia pale katikati. Lazima kitu kiachie, na kinachoachia ni ubavu. Hakuna gundi ya kuzuia hilo. Kwa bapa la upanga na kwa mpini wa kupigania, pasua gogo na uchukue kipande cha pembeni kisicho na moyo. Mpini wa kijiti kizima unafaa kwa mkuki wa kushikwa tu, na hata huo uchague kijiti ambacho moyo wake ni mwembamba kama risasi ya penseli.

Nyufa nyingi ndogondogo juu ya uso, kama udongo wa bwawa lililokauka, zinatokana na mti mbichi kuanikwa juani. Uso umekauka na kunywea ilhali ndani bado kumejaa. Ikiwa kina chake hakifiki milimita 1, randa inaziondoa.

Namna ya kujua mti umekauka bila kifaa cha gharama: kata kisahani chembamba cha sentimita 2, si kwenye ncha bali sentimita 15 kutoka ncha. Kipime kwenye mizani ya jikoni, kisha kikaushe kwenye sufuria tupu juu ya moto mdogo, ukikigeuza, ukikipima kila nusu saa hadi uzito ugome kushuka. Kisiungue. Toa uzito mkavu kwenye uzito wa mwanzo, gawa kwa uzito mkavu, zidisha kwa 100. Gramu 62 zikishuka hadi 54, unyevu ulikuwa karibu asilimia 15. Kwa kazi ya Dodoma wakati wa kiangazi subiri hadi ifike 10 au chini kidogo. Kipande cha unene wa sentimita 3 kikilazwa kivulini kinaweza kuchukua wiki 6 hadi 8, usikisukume.

Hapo ndipo silaha zilizotengenezwa Dar es Salaam zinapotia watu hasara. Mti uliotulia kwenye unyevu wa pwani una maji karibu asilimia 14, nao haujaharibika hata kidogo. Tangu treni ya SGR ianze kufika Dodoma mwaka 2024, boksi la mapanga linatoka pwani asubuhi na mchana liko juu ya seti kwenye upepo mkavu. Bapa la sentimita 5 likipoteza alama tano za unyevu linaweza kusinyaa zaidi ya nusu milimita kwa upana. Ni kidogo kwa macho, lakini kinatosha kulegeza mpini au kufungua kiungo. Vifungue siku 10 kabla ya kupiga picha, vikiwa vimefunikwa kwa turubai lenye mwanya kidogo, ili viachie maji taratibu.

Kuziba: wengi hujaza ufa kwa unga wa mbao na gundi ngumu mwezi Oktoba. Januari mti unavimba, ufa unataka kufunga, unakuta kigingi kigumu ndani, nao unapasukia pembeni. Kwa silaha ya kuonekana karibu na kamera, jaza kwa nta ya nyuki iliyochanganywa na ngeu (udongo mwekundu wa rangi) au unga wa mkaa hadi ifanane na mti. Nta inasogea na mti. Ufa unaozidi theluthi ya unene kwenye silaha ya kupigania hauzibwi. Silaha hiyo ihamishwe iwe ya kupamba ukuta.

Uchaguzi wa mti unapunguza nusu ya haya yote. Mninga hutulia kuliko miti mingi, ndiyo maana maseremala wanaupenda, na vipande vinavyobaki kwenye karakana za samani vinatosha bapa la upanga. Mwarobaini umejaa mitaani Dodoma, unachongeka, na wadudu hawaukimbilii. Mkole ni mzuri kwa mipini na pinde. Mkaratusi uepuke: unanyooka vizuri ukiwa mbichi, kisha unajisokota na kupasuka. Usiingie porini kukata. Magogo na mbao za mninga na mpingo zina vibali vyake vya misitu, na mabaki ya karakana ni nafuu kuliko faini. Vaa barakoa unapopiga msasa, hasa mninga na mpingo, kwani vumbi lake huwasha macho, pua na ngozi za watu wengi.

Mpini umepinda

Mara nyingi umeegemezwa ukutani upande mmoja ukipigwa na jua. Pengine mti wenyewe uliota umeinama, na tawi la namna hiyo hurudia kupinda hata likinyooshwa. Tofautisha kwa kutazama ncha: pete zikiwa nene upande mmoja na nyembamba mwingine, achana nao.

Uliopindishwa na jua unanyooka. Paka mafuta ya alizeti sehemu iliyopinda, ipitishe sentimita 15 juu ya makaa ukizungusha bila kusimama, dakika 4 hivi, hadi mkono usivumilie kuishika. Ikunje juu ya goti kupita kidogo mstari wa kunyooka, kisha ishikilie hadi ipoe kabisa. Wanaoshindwa hushindwa hapo mwishoni: wanaachia ikiwa bado vuguvugu. Samaki mkunje angali mbichi; mti uliokauka kupindukia unapasuka badala ya kukunjika. Ukiwa mkavu sana tumia mvuke badala ya makaa, saa 1 kwa kila milimita 25 za unene.

Kichwa cha mkuki kinacheza, au upanga unalia mpinini

Kama kinacheza baada ya wiki moja tangu kufungwa, mti wa mpini ulikuwa mbichi, umejivuta kutoka kwenye kamba. Kamba ya katani haijivuti pamoja nao. Fungua, subiri, funga upya.

Kama mpini umepasuka siku ileile ya kuunganisha, tazama shimo. Mkia wa kichwa unaoingia kwenye mpini uwe wa duara, kipenyo milimita 12, urefu sentimita 10. Hapo kuta za mpini zinabaki milimita 8 kila upande. Mkia wa pembe nne unapasua kama kabari. Na hata mkia wa duara utapasua ukisukumwa ndani ya shimo lililojaa gundi, kwa sababu gundi haina pa kutokea. Chora mfereji mdogo kwa msumeno ubavuni mwa mkia, uache nafasi ya milimita 3 chini ya shimo.

Ufungaji bora ni ukanda wa ngozi mbichi ya mbuzi. Kata duara la sentimita 20, kisha anza pembeni kwa kisu kikali ukizunguka kuelekea katikati, upana milimita 7, kama mtu anayemenya chungwa bila kukata ganda. Duara hilo linatoa ukanda wa zaidi ya mita 4, unatosha mikuki mitatu. Loweka hadi uwe laini kama kitambaa, kamua, funga kwa mkazo wa wastani, kila mzunguko ukigusa mwenzake, ncha ya mwisho ukiipitisha chini ya mizunguko minne. Kausha kivulini siku 2. Ngozi inajivuta inapokauka na kubana kuliko mkono wowote. Inabana mno, kwa kweli: ukiifunga kwenye mwanzi au shingo ya kibuyu kwa nguvu zote, asubuhi utakuta imevunja. Na ikinyeshewa inalegea tena, kwa hiyo ipake nta kabla ya kupiga picha msimu wa mvua.

Ngao imejikunja, inanuka, au inanyonyoka manyoya

Ngozi inataka subira kuliko mti, na makosa yake hayarudi nyuma. Wawambaji wa ngoma, wakiwamo wa ngoma za muheme zinazopigwa na kina mama wa Kigogo, wanajua kazi hii. Ukimpata mmoja wao, mwombe akuwambie ngozi ya kwanza ukiwa umekaa pembeni.

*Imejikunja kama tandiko.* Ngozi haina nguvu sawa kila mahali: mgongoni ni nene na ngumu, tumboni na kwapani inavutika. Ngao iliyokatwa ovyo, upande mmoja mgongo na mwingine tumbo, lazima ijisokote. Weka mstari wa uti wa mgongo katikati ya ngao, juu hadi chini, pande mbili zilingane. Kama imeshajikunja, loweka usiku mzima, wamba upya kwenye fremu ya miti na uiache hadi ikauke kabisa. Kuilazia mawe haitoshi, kwa sababu upande wa chini haupati hewa.

*Imechanika kwenye matundu.* Yalikuwa mikato ya kisu. Mkato una pembe mbili kali, na mchaniko huanzia kwenye pembe. Toboa matundu ya duara kwa kitoboleo cha fundi viatu, sentimita 2.5 kutoka ukingoni, kila baada ya sentimita 7. Siku ya kwanza vuta kamba kiasi cha kunyoosha mikunjo tu. Ngozi itajikaza yenyewe. Ukimaliza nguvu zote siku ya kwanza huiachii pa kwenda.

*Imevimba malengelenge, ukiigonga inatoa sauti ya utupu.* Iliwambwa juani. Uso uligeuka ganda gumu haraka, ndani pakabaki pabichi, pakaoza. Ngozi mbichi ikipata joto kali inaanza kugeuka gundi palepale ilipo. Hakuna tiba. Kata sehemu nzima utumie kwa kanda. Wamba kivulini penye upepo. Agosti, siku 4 hadi 6 zinatosha kwa ngozi ya ng'ombe iliyokwanguliwa vizuri.

*Manyoya yanatoka kwa kuvutwa na vidole.* Ngozi ilichelewa. Kuoza huanzia kwenye mizizi ya manyoya ndani ya saa chache za joto baada ya mnyama kuchunwa. Usipambane na manyoya yanayong'oka. Nyonyoa yote, ufanye ngao isiyo na manyoya na uipake ngeu.

*Inatoa jasho msimu wa mvua.* Hiyo ni chumvi. Ngozi nyingi za machinjioni zimetiwa chumvi, nayo chumvi huvuta unyevu hewani. Osha kwa maji safi mara tatu, kila mara ukiacha saa 2, kabla ya kuwamba. Ukinunua ngozi ya siku hiyohiyo na unaiwamba jioni, usiitie chumvi kabisa. Ukilazimika kuihifadhi kwanza, tia chumvi theluthi ya uzito wake: gramu 700 hivi kwa ngozi mbichi ya mbuzi ya kilo 2.

*Inanuka mafuta na wadudu wenye manyoya wanatambaa nyuma.* Nyama na mafuta vilibaki upande wa ndani. Kwangua kwa kisu butu, sugua majivu makavu ya kuni, acha siku moja, kwangua tena. Majani ya mwarobaini husaidia kidogo, lakini kinachowaondoa hasa ni kukosa cha kula.

Neno moja kuhusu mapambo. Ngozi ya chui, mkia wa nyumbu, manyoya ya mbuni na miiba ya nungunungu ni nyara, na Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimtazami mtu kwa jicho jepesi kwa kuwa alikuwa anapiga filamu. Mbuzi mwenye mabaka aliyechaguliwa vizuri na manyoya ya jogoo vinatosha. Kamera haiombi kibali cha mnyama, inaomba umbo na rangi.

Gundi imeachia

Tazama pande mbili za kiungo kilichoachia. Kama gundi yote imebaki upande mmoja, iking'aa, basi iliganda kabla viungo havijakutana. Gundi ya ngozi hufanya kazi ikiwa ya moto, na kwenye upepo wa Dodoma inaganda ndani ya dakika moja au chini yake. Pasha mti kwanza juani au karibu na jiko, fungia madirisha, kisha unganisha.

Kama gundi imebaki pande zote mbili ikiwa unga, ilichemka. Loweka gundi kavu usiku mzima kwa maji baridi, sehemu 1 kwa sehemu 2 za maji kwa uzito, kisha ipashe kwenye sufuria iliyowekwa ndani ya sufuria nyingine yenye maji. Joto lisizidi nyuzi 60 hivi: kidole kinavumilia sekunde moja, hakivumilii tatu. Ukitaka kuitengeneza mwenyewe, chukua nusu kilo ya vipande vya ngozi visivyo na chumvi, maji lita 2, moto mdogo saa 5 bila kutokota, chuja, punguza maji. Ikipoa iwe ngumu kama mchuzi wa kongoro ulioganda usiku.

Gundi ya mgunga ni kwa karatasi, rangi na mapambo mepesi, haibebi bapa. Sehemu 1 kwa sehemu 2 za maji vuguvugu. Kiangazi inakatika kama kioo. Kijiko kimoja cha chai cha asali kwa gramu 100 za gundi kinailainisha. Ubaya wake ni sisimizi. Kila ulipotia asali, funika kwa nta.

Bapa halifanani na chuma

Hapa watu hukata tamaa na kukimbilia rangi ya fedha ya kopo, ambayo kwenye kamera inaonekana kama upanga wa sherehe ya watoto. Chuma cha kuaminika kinapatikana kwa tabaka tatu: uso mweupe laini, kinywe (ule unga mweusi wa risasi ya penseli), na kusugua.

Mti ukishapigwa msasa namba 120, 240 na 320, pakaa maji ya gundi ya ngozi, gramu 20 kwa mililita 200. Likikauka, andaa lipu ya chaki: twanga chaki za ubaoni, chekecha kwa kitambaa cha khanga kuukuu, mimina kikombe kimoja na nusu kwenye kikombe kimoja cha maji yaleyale ya gundi yakiwa vuguvugu. Uzito wake uwe wa uji wa mtoto. Paka tabaka 5 nyembamba, kila moja ikikauka uso kabla ya nyingine. Usibadilishe chaki kwa jasi ya mafundi wa dari. Zinafanana kwa macho, lakini ile imechomwa, itaganda kwenye bakuli kabla hujachovya brashi mara ya tatu.

Vitundu kama vya sindano juu ya uso? Uji ulipigwa kama mayai, ukashika hewa. Koroga taratibu, na tabaka la kwanza lisugue kwa kidole. Nyufa za utando wa buibui? Tabaka la juu lina gundi nyingi kuliko la chini, mara nyingi kwa sababu sufuria ilikaa motoni na maji yakapungua. Lenye nguvu likikaa juu ya dhaifu humvuta mwenzake. Ongeza maji kidogo kila unapoirudisha motoni. Linabanduka vipandevipande? Kulikuwa na nta au mafuta ya mikono chini yake. Nta huja mwisho, haiji mwanzo.

Piga msasa namba 400 hadi uso uwe kama ganda la yai. Pakaa gundi ya mgunga nyepesi, sehemu 1 kwa 6 za maji, iache ikauke. Sasa kinywe. Tanzania inayo ardhini, Mahenge inajulikana kwayo, lakini kwa upanga mmoja penseli tatu za 6B zilizosagwa kwa msasa zinatosha. Sugua unga kwa pamba kwa mizunguko midogo, kisha chukua mgongo wa kijiko cha chuma na ukandamize ukienda na urefu wa bapa. Mwanzoni kijiko kinakwaruza na rangi ni ya masizi. Baada ya dakika kumi hivi sauti inabadilika, kijiko kinateleza, na ule mng'ao wa kijivu cha bluu unajitokeza chini ya mkono. Ukisimama kabla ya hapo utabaki na upanga wa mkaa.

Ukibaki mwororo na mfu hata baada ya kusugua, uliongeza mkaa kwenye kinywe. Mkaa haung'ai. Uweke karibu na mpini tu, kwenye kona ambako chuma halisi hushika uchafu. Makali yasuguliwe zaidi, katikati kidogo. Chuma kilichotumika hakina rangi moja. Kutu ni ngeu kavu iliyodondoshwa kwa gundi ya mgunga na brashi ngumu, matone machache. Rangi ya ngeu haipauki juani. Michoro ya miambani ya Kolo, Kondoa, imedumu kwa udongo wa aina hiyo.

Kinachochafua mikono na mavazi ya waigizaji ni kinywe kisichofungwa. Yeyusha nta sehemu 1 ndani ya chombo kilichokaa kwenye maji ya moto, iondoe mbali na jiko, ndipo uchanganye tapentaini sehemu 4. Pakaa kidogo kwa kitambaa, subiri saa 1, futa. Mng'ao utapungua kiasi, na hilo ni jema: jua la saa sita la Dodoma likipiga bapa linalong'aa sana, kamera inaona doa jeupe tu.

Mpini uliotakiwa kuwa mweusi kama mpingo umekuwa wa kijivu

Maji ya kutu, yaani misumari iliyolowekwa kwenye siki kwa wiki moja, hufanya weusi yakikutana na ukakasi ulio ndani ya mti. Mti mweupe hauna ukakasi wa kutosha. Upake kwanza chai kavu iliyoiva sana, vijiko 4 vya majani kwa kikombe, au maji ya maganda ya mgunga, mara mbili. Ukikauka ndipo upake maji ya kutu. Ukipata madoa meusi usiyoyataka, tafuta msumari uliogusa mti ukiwa na unyevu.

Kibuyu

Rangi inabanduka kwa sababu ngozi yake ya nje yenye nta haikukwanguliwa: funika kwa kitambaa chenye maji nusu saa, kwangua kwa steliwaya. Kinapasuka kikikatwa kwa sababu ni kikavu mno. Dawa ni kitambaa hichohicho, na msumeno wa meno madogo. Rungu la kichwa cha kibuyu ni la kuonekana tu. Usimpige nalo mtu, kwani vipande vyake vinakata.

Unga laini chini ya silaha

Unga mwembamba kama ngano na vitundu vya kichwa cha pini: ni bungua. Wanakula mti mweupe wa nje wenye wanga, mara chache wa ndani. Chonga uondoe weupe wote. Mwanzi uloweke kwenye maji yanayobadilishwa kwa wiki 4 ili wanga utoke, kabla ya kuutumia. Silaha iliyokwisha kupambwa na imeingiliwa, itenge na nyingine leo hii.

Mwigizaji anachoka au anaumia

Bapa la vipimo vyetu likiwa la mninga lina uzito wa karibu gramu 270. La mpingo linakaribia mara mbili yake. Kabla ya kulaumu mkono, lipime juu ya kidole: upanga wote ulale sawa sentimita 8 hadi 10 mbele ya mpini. Ukilala mbali zaidi, punguza unene wa ncha hadi milimita 8, usiongeze uzito mpinini.

Tengeneza kila silaha mara mbili: moja ya picha za karibu, nyingine ya kupigania, yenye makali ya duara la milimita 5 na ncha iliyofunikwa ngozi yenye pamba, upana sentimita 5, ili isiweze kuingia kwenye tundu la jicho. Upinde usivutwe mbele ya mtu, na upote usiachiwe bila mshale. Nguvu ambayo ingeenda na mshale inarudi kwenye mti na kuuvunja, hasa Septemba mti ukiwa mkavu kupita kiasi.

Kabla ya kila pigo la kamera, shika kipande cha pamba, kipitishe mpini mzima kutoka kichwani hadi kitakoni, kisha zungusha mpini robo na urudie mara nne. Pamba ikiacha nyuzi mahali, hapo kuna kibanzi kinachoinuka. Kipige msasa ukifuata mkondo wa mti, pakaa nta, pitisha pamba tena. Ikinasa mara ya pili palepale, ule ni mwanzo wa ufa, na mkuki huo hautoki kwenda kwenye mapigano siku hiyo.